UZI: Kushona kwilti bila mchoro (treni ya usiku, ziwa, na sanduku la baba)

Nyar_Dunga (Kisumu), Jumamosi saa 2:40 usiku

Habari za jioni wapendwa. Juma lililopita dada mmoja aliniuliza hapa ninashonaje mablanketi yangu ya viraka ilhali sina mchoro wala patani. Nikamwahidi nitaandika. Leo mvua imenifungisha kibanda mapema, basi naandika. Ni ndefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Kisumu, huu mwaka wa kumi na nne. Aliyeshona sare anayajua mabaki yake: buluu nzito, maruni, kijani cha chupa, kijivu, na ile miraba midogo ya magauni ya wasichana wa madarasa ya chini. Januari ikiisha, gunia limejaa hadi mdomoni. Zamani nilikuwa nawapa wanaojaza mito. Mwaka 2019 nikaanza kuyaunga usiku, kwanza kwa kuona uchungu maruni nzuri ikilaliwa ndani ya mto, kisha kwa kuwa nilishindwa kuacha.

Kwilti ni tabaka tatu: uso wa vipande juu, kitu cha joto katikati, kitambaa kizima chini, na mshono unaopita zote tatu zisihame. Hapo mafundi wote tuko sawa. Yangu ni ya papo kwa papo, yaani naanza bila kuujua mwisho wake. Nakata kwa mkasi bila rula, naunga viwili, natundika ukutani, natazama, na hivyo viwili ndivyo vinavyoniita cha tatu. Watu hudhani huko ni kushona ovyo. Anayeshona ovyo haangalii. Hii kazi nusu yake ni kuangalia.

Nieleze kwa moja niliyoshona, maana kwa jumla haielezeki.

Baba yangu alifanya kazi ya sukari kule Miwani, kwenye mashamba ya miwa karibu na Kisumu, kila siku ndani ya ovaroli ya buluu. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa kaka yangu Nakuru. Tulimzika nyumbani, lakini sanduku lake la nguo likabaki kule. Miezi saba baadaye nikalifuata. Kurudi nikapanda treni ya usiku. Treni ya abiria ilikuwa imerudi Kisumu Desemba 2021 baada ya reli kulala miaka mingi, nami nilitaka kupita njia aliyonisimulia utotoni. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1901, siku ambazo Kisumu iliitwa Port Florence, na baba alizitaja stesheni zake kama mtu anayeita wanawe kula: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni.

Sikuona hata moja. Ilikuwa giza. Niliona kioo cheusi cha dirisha na uso wangu ndani yake, na baada ya kitambo kirefu taa moja ya njano ikapita, nyembamba kama ufito, halafu giza tena. Baridi ya Mau iliingia hadi kwenye magoti. Kulipambazuka tukiwa tumeshateremka bondeni, na ghafla miwa pande zote mbili. Miwani tulipita polepole. Sanduku lilikuwa kati ya miguu yangu.

Nilipofika nyumbani nilitaka kushona treni. Nikachora behewa, magurudumu, madirisha. Nikakata behewa la maruni, nikalitundika, likawa picha ya kitabu cha chekechea. Siku tatu likanikera, ya nne nikalifumua. Ndipo nikajiuliza: wewe uliona nini hasa? Niliona giza refu na taa chache. Basi nikachukua buluu nzito yote na nyeusi yote niliyokuwa nayo, nikaunga giza tupu, karibu theluthi mbili ya kwilti nzima, kisha nikalipasua mahali panne tu, nikaingiza ufito wa njano wa upana wa kidole. Ufito mmoja nimeuweka juu kabisa, fito tatu zimekaribiana chini. Kulia, mwishoni, ndipo kijani cha chupa kinapoingia kwa vipande virefu vilivyosimama, vingine vimeinama kama miwa iliyopigwa na upepo.

Na ovaroli. Ilikuwa imepauka hadi ikawa rangi ya moshi. Nilipofumua mfuko wa kifuani nikakuta chini yake mraba wa buluu ileile iliyotoka nayo dukani, haujaguswa na jua wala sabuni, na kingo zake zina vitundu vya sindano ya yule fundi aliyeishona. Nilizima cherehani nikatoka nje kwa muda. Huo mraba sikuupunguza hata uzi mmoja. Nimeuweka pale giza linapoishia na miwa inapoanza.

Kwilti hiyo ina upana wa sentimita 150 na urefu wa 180. Mama akiitazama hasemi "treni". Anasema, "Hii ni usiku." Mimi hilo linanitosha.

Wenzangu mnaoshona, au mnaotaka kushona, karibuni tuzungumze.

---

FundiMenengai (Nakuru), Jumamosi saa 3:15 usiku

Pole sana kwa baba, dada yangu. Nimesoma mara mbili.

Mimi ni mwanamume ninayeshona, watu hapa mtaani wameshazoea. Nafumua jinzi za mitumba zilizochanika magoti. Umesema jambo la mraba chini ya mfuko nikaruka, kwa sababu jinzi zote zina hiyo siri. Ukifumua mfuko wa nyuma unapata buluu ya usiku, na kuzunguka kwake imepauka. Mimi huzikusanya hizo peke yake.

Yangu niliyo nayo karibu na moyo ni ya ziwa letu. Nilipokuwa mdogo tulipelekwa na shule kuona flamingo. Ufuo wote ulikuwa wa waridi, na harufu yake naikumbuka hadi leo. Kuanzia kama 2010 maji ya Ziwa Nakuru yakapanda sana, chumvi na magadi vikazimuliwa, ule mwani mdogo wa kijani wanaokula flamingo ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingine. Nikashona safu kumi na mbili za kulala, kila safu ni mwaka niliokwenda kutazama. Safu ya kwanza waridi imejaa. Zinavyoshuka, waridi inapungua na jinzi inaongezeka, hadi safu moja ina kipande cha waridi kama ukucha. Sikupima. Nilikata kwa kumbukumbu tu.

Shida yangu: kingo zake zina mawimbi. Nikiitundika inakunjamana pembeni kama sketi ya malinda. Nimekosea wapi?

---

Nyar_Dunga, Jumamosi saa 3:40 usiku

Kaka, hiyo ya safu kumi na mbili tuonyeshe picha tafadhali.

Mawimbi yana sababu mbili, na nadhani umepatwa na zote. Ya kwanza, kukata bila rula kunazaa kingo za mshazari, na kitambaa cha mshazari kinavutika hata kwa uzito wake kikining'inia. Ya pili, ulichukua kitambaa kirefu cha pindo ukakishona ukikifuata ukingo, ukakata kilichobaki mwishoni. Ukingo ulishavutika, pindo nayo ikafuata.

Fumua pindo. Laza kwilti chini sakafuni. Pima katikati, si pembeni: kutoka juu hadi chini kupitia tumboni. Kata pindo mbili za urefu huo huo sawasawa. Bana kwa pini katikati na kwenye ncha mbili kwanza, halafu gawanya ulegevu uliobaki kwa pini nyingi. Ukingo utalazimika kurudi ndani. Na ukipiga pasi usiburuze: shusha, inua, sogeza, shusha tena. Pasi inayoburuzwa ndiyo inayovuta mshazari.

---

Kijana_Kondele, Jumamosi saa 4:05 usiku

Mama, kwa heshima zote. Kazi naiona ni nzuri. Lakini niseme ukweli, mimi kiraka kinaniuma. Darasa la tano nilivaa kaptula yenye viraka viwili nyuma, vya rangi tofauti, na jina nililopewa kwa sababu hiyo sitaliandika hapa. Mama yangu akiona mtu amenunua kitu cha viraka kwa pesa atashangaa. Kwetu kiraka ni kitu cha kuficha. Mnaanikaje ukutani?

---

Nyar_Dunga, Jumapili saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, nimelala na swali lako. Pole kwa kaptula hiyo. Mimi pia nimevaa.

Mama yako alishona kiraka cha rangi nyingine kwa sababu ndicho alichokuwa nacho, na alikishona kwa taa ya koroboi ili kesho uende shule. Ninaposhona hivi vyangu namkumbuka mtu kama yeye. Siuchezei umaskini wake. Nataka mkono wake uonekane.

Kuna mahali Marekani panaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama, kijiji cha watu weusi kilichozungukwa na kona ya mto pande tatu. Wanawake wa pale, wajukuu wa watumwa waliolima pamba, walishona kwilti za nguo za shambani zilizochakaa, suruali za jinzi na mashati, kwa sababu nyumba za mbao zilikuwa na baridi. Hawakufuata vipimo. Walibuni wakienda. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akashona kwilti ya nguo za kazi za marehemu ili ajifunike nazo. Niliposoma hilo nilikuwa na ovaroli ya baba mapajani. Mwaka 2002 kwilti za kijiji hicho zilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha zikaenda Whitney, New York, na watu waliosomea sanaa wakasimama mbele yake kimya.

Jambo jingine la kijiji hicho lililonikaa. Mwaka 1962, watu wake walipoanza kudai haki ya kupiga kura, feri yao ikaondolewa. Kwenda mjini, ng'ambo tu ya mto, ikawa safari ndefu ya kuzunguka. Feri ilirudi 2006. Sisi wa ziwani tunaelewa feri ni nini. Nimevuka Luanda Kotieno kwenda Mbita zaidi ya mara ishirini, shangazi yangu ameolewa huko, na najua jinsi mtu anavyosimama gatini akiangalia maji akihesabu saa.

Kama mama yako yupo, muulize kile kitambaa cha kiraka alikitoa wapi. Nadhani anakumbuka.

---

Kijana_Kondele, Jumapili saa 3:10 asubuhi

Nimempigia simu. Kimoja kilikuwa pazia la nyumba ya kwanza waliyopanga na baba. Cha pili ni mfuko wa koti la babu. Anakumbuka vyote viwili.

Asante mama. Sina la kuongeza.

---

BintiKuze (Mombasa), Jumapili saa 4:30 asubuhi

Asalaam aleikum. Mamaangu kazi yako imenipendeza mno, ila nina neno. Kwenye zile picha zako za nyuma niliona leso imekatwa. Leso kwetu haikatwi hivi hivi. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina. Jina ndilo maneno yake. Leso hupewa bibi harusi, hupewa mzazi aliyejifungua, hufunikiwa maiti. Ukikata katikati ya jina umemkatiza mtu akisema.

---

Nyar_Dunga, Jumapili saa 6:00 mchana

Waaleikum salaam dada yangu. Una haki, na nakueleza nilivyofanya ili unisahihishe.

Ile leso ni ya mama, aliivaa hadi mji wake ukatoboka, tundu la kupitisha ngumi. Jina lake ni "Wema hauozi". Pindo na mji nilivikata. Jina nimelikata lote kwa ukanda mmoja, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na ndilo uti wa kwilti: linapita katikati kutoka ukingo hadi ukingo, na vipande vyote vimejipanga kwa ajili yake. Nilimwonyesha mama kabla ya kuweka mkasi. Sijawahi kukata leso mpya, wala ya mtu aliyenikataza.

Leso hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kwa machozi. Nyekundu yake ilikaa jirani na kaliko nyeupe, kile kitambaa cha pamba. Nilipofua kwilti mara ya kwanza, nyeupe ikatoka na madoa ya waridi. Watu watakwambia tia siki, tia chumvi. Kwa rangi hizi za viwandani siki na chumvi havishiki kitu. Dawa ni kufua leso na kitenge peke yake kabla ya kukata, tena na tena, hadi maji yatoke meupe. Kitenge cha bei ya chini kina wanga mwingi pia, kikifuliwa kinalegea na kusinyaa, na bora kisinyae ndoo kuliko kisinyae kimeshaungwa.

---

BintiKuze, Jumapili saa 6:45 mchana

Ukilikata jina zima umelihifadhi. Nimeridhika kabisa, na Mungu amweke mama. Ninayo ya nyanya yangu sandukuni imetoboka vivyo hivyo, miaka yote nikidhani haina la kufanya.

---

Mzee_wa_Bondo, Jumapili saa 8:20 mchana

Binti yangu, mimi si wa cherehani, nimeletwa hapa na mke wangu aliyenisomea. Nataka kuuliza la mila. Nguo za marehemu hugawiwa. Kuzikata na kuzishona si kila nyumba ingekubali. Ulifanyaje?

---

Nyar_Dunga, Jumapili saa 9:05 alasiri

Shikamoo mzee. Asante kwa kuuliza wazi.

Sikulifungua sanduku peke yangu. Nilimwita baba mdogo, na mama, na kaka zangu wawili. Nguo nzuri ziligawiwa mbele yao: koti kwa baba mdogo, mashati kwa kaka. Ikabaki ovaroli na suruali mbili za shamba zilizoisha. Nikaomba hizo, nikasema nataka kuzifanyia nini. Baba mdogo alikaa kimya sana, kisha akasema baba mwenyewe asingetupa kitambaa. Ndiyo ruhusa niliyopata. Angekataa nisingeshona.

---

Mama_Lurambi (Kakamega), Jumapili saa 1:30 usiku

Dada, mimi ndiye niliyekuuliza juma lililopita. Nimesoma yote, watoto wamelala njaa kidogo leo.

Nina cherehani ya kukanyaga ya mama mkwe. Nina gunia moja la vipande nililopewa na fundi wa sokoni. Nina safari moja nataka kuishona: tulipokuwa wadogo babu alitupitisha kwa miguu ndani ya msitu wa Kakamega tukienda kwa dada yake, na mahali fulani jua linashuka kupitia majani kama sarafu. Nianzie wapi? Sijui hata nini kiwekwe katikati.

---

Nyar_Dunga, Jumapili saa 3:00 usiku

Dada, nimefurahi umekuja. Nakujibu kama ungekuwa umekaa nami kibandani.

Gunia kwanza. Ndani yake kuna pamba na kuna polista, vimechanganyika. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye kipande, zichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Usizitupe zenye polista, mimi sare zangu nyingi ni mchanganyiko, ila zitenge ujue pasi yake ni ya upole, la sivyo zinang'aa na kunata.

Halafu ukuta. Tundika blanketi la zamani lenye manyoya ukutani kwa misumari. Kipande cha kitambaa ukikibonyeza pale kinashika chenyewe bila pini. Huo ukuta ni muhimu kuliko cherehani. Mezani uko juu ya kazi yako na huioni. Ukutani unarudi nyuma hatua tano, hadi mlangoni. Ukitaka kujua kama giza na mwanga vimekaa vizuri, finya macho nusu, rangi zinapotea na uzito unabaki.

Sasa msitu. Nakuomba usikate majani. Usikate miti. Najua mkono utataka, wangu ulitaka behewa. Umeniambia jua linashuka kama sarafu. Hilo ndilo uliloliona. Sarafu hizo zilikuwa nyingi au chache? Zilikuwa juu yenu au miguuni? Babu alikuwa mbele au nyuma? Chukua kijani zote ulizonazo na kahawia na nyeusi, panga kutoka nzito hadi nyepesi, na uamue ni wapi mtu ataona mwanga kwanza. Kijani ikikuishia usinunue ileile, tia maruni. Kitambaa kikiisha ndipo mambo mazuri yanapotokea, hiyo nimeiona mara nyingi mno kuidharau.

Upinde unaukata hivi. Laza vipande viwili kimoja juu ya kingine, vyote viwili uso juu, vipishane kama upana wa kiganja. Kata kwa mkasi mstari mmoja wa kupinda ukipitia vyote viwili kwa pamoja. Ondoa vile vipande viwili vyembamba vilivyokatika, cha juu na cha chini. Vipande vilivyobaki vinaoana kama mto na ukingo wake. Geuza uso kwa uso, shona polepole robo inchi kutoka ukingoni, ukileta kingo pamoja kidogo kidogo kwa vidole. Upinde mpole hauhitaji pini wala kukatwa vijino. Ukiwa mkali kama kona ya kikombe, huo uache kwanza.

Katikati mimi natumia blanketi jepesi la mtumba, au shuka ya flaneli. Blanketi zito linavunja sindano, na mgongo wako ukilifua. Laza kitambaa cha chini sakafuni kifudifudi, kikaze kwa utepe wa gundi pembe zote, juu yake blanketi, juu yake uso. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mistari iachane kiganja kimoja. Usiruke hatua hii. Kwenye cherehani ya kukanyaga tumia sindano namba 16 kwa tabaka zote tatu, na mshono mrefu kidogo. Au shona kwa mkono ukiwa umekaa na watu. Ile kwilti ya treni, ambayo naiita Usiku wa Londiani, tabaka zake nilizishona zote kwa mkono, jioni ishirini na sita.

---

Mkaa_Mwanza, Jumapili saa 4:15 usiku

Shikamooni wote, nawasoma kutoka upande wa pili wa ziwa. Dada, hilo la kushona kwa mkono limenikumbusha Wasidi wa Karnataka, India. Hao ni watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walipelekwa huko karne nyingi zilizopita, wengi kutoka huku kwetu mashariki ya bara. Wanawake wao hushona kwilti ziitwazo kawandi. Hawaungi uso kwanza. Wanatandika sari kuukuu, wanaanzia pembeni na kuingia ndani wakizunguka, kila kiraka kinashonwa papo hapo juu yake kwa mshono wa bandi mdogo, hadi wanafika katikati. Na pembe nne wanaweka kiraka kidogo kilichokunjwa, wanakiita phula, yaani ua. Bila ua huo wanasema kwilti iko uchi.

Sijui kwa nini niliposoma hilo nilijisikia nimepata ndugu.

---

FundiMenengai, Jumapili saa 4:40 usiku

Kuanzia pembeni kuingia ndani! Yaani huwezi kujua katikati patakuwa nini hadi ufike. Nitajaribu kwa jinzi.

Dada, pindo nimefumua, nimepima tumboni kama ulivyosema. Pembeni palikuwa pamezidi kwa sentimita nane. Nane! Sasa inalala.

Swali la mwisho kwangu. Huwa unauza?

---

Nyar_Dunga, Jumatatu saa 11:50 alfajiri

Sentimita nane ni nyingi, lakini nimeona kumi na moja.

Nauza baadhi. Usiku wa Londiani hauuzwi, na kwilti ya leso haiuzwi. Mwaka wa pili niliacha moja katika duka la zawadi, iuzwe ndipo nilipwe. Ilikuwa ya ziwa asubuhi, kijivu na fedha, na ukanda mmoja wa kijani wa magugu maji yaliyofunga njia ya mitumbwi kwenye ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Wakaitundika kwenye dirisha la jua miezi mitano. Iliporudi upande mmoja ulikuwa umepauka hata kijani hakijulikani. Hatukuwa tumeandikiana chochote, basi hapakuwa na wa kuulizwa. Tangu hapo naandika karatasi: bei, muda, mbali na jua, na nani anabeba hasara. Karatasi ya mkono inatosha, sahihi mbili.

Ile iliyopauka niliifumua robo. Nimeanza kuishona upya nikiacha mpauko kama ulivyo, maana hata ziwa lina siku halina rangi.

Naenda kufungua kibanda.

---

Mama_Lurambi, Alhamisi saa 2:05 usiku

Dada, nimetundika blanketi ukutani. Nimekaa siku tatu naangalia kijani tu. Nimekumbuka babu alikuwa nyuma yetu, si mbele. Alikuwa anatuita majina ili asikie tumefika wapi. Kwa hiyo sarafu nimeziweka chini, miguuni, na juu nimeacha giza.

Leo nimekata upinde wa kwanza. Kushoto umetoka vizuri. Kulia mkasi uliteleza pakatokea kona, kama goti. Nishone hivyo hivyo au nikate upya?

---

Nyar_Dunga, Alhamisi saa 2:20 usiku

Shona hivyo hivyo. Mwituni njia haikunyooka. Ukifika kwenye hilo goti simamisha cherehani sindano ikiwa chini, inua mguu wa kubana, geuza kitambaa, endelea.

Halafu nipigie picha mchana, mlango ukiwa wazi. Taa ya usiku inaidanganya kijani.